Punguza inchi, usipunguze tairi: kuchagua matairi ya bei nafuu kwa SUV yenye nguvu huku Nyanda za Juu Kusini

Simama Kabwe, hapa Mbeya mjini, jioni kwa dakika kumi tu, hesabu yanayopita: BMW X5, Range Rover Sport, Touareg, Cayenne ya hapa na pale, na Forester XT, zile za turbo, ambazo siku hizi hazishangazi hata watoto. Mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia akijinyima. Furaha hudumu mpaka siku ya tairi. Siku hiyo ndipo unapogundua kwamba gari lilishuka bei, viatu vyake havikushuka.

Langu ni X5 ya dizeli, ile ya umbo la E70. Nililikuta na rimu za inchi 20: mbele 275/40R20, nyuma 315/35R20, tairi pana kama godoro la mtoto. Nilipopiga simu duka la kwanza kuuliza bei ya manne, nilishukuru, nikakata, nikakaa kimya. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na makosa yote mawili nitayaeleza yanapohusika. Naandika kwa mwenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu anayetaka matairi mapya ya bei ya kuvumilika bila kurudia ujinga wangu.

Hatua ya kwanza: soma yale yanayotoka

Usianze na bei. Anza na tairi lililochoka. Simamisha gari pahali tambarare, kata usukani hadi mwisho upande mmoja, chuchumaa, kisha pitisha kiganja juu ya kashata, yaani meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msasa, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imekaa vibaya na tairi limekuwa likiburuzwa kwa pembeni kila siku uliyoendesha.

Limeisha kingo zote mbili, katikati pakabaki: lilikuwa likitembea na upepo mdogo. Limeisha katikati tu: upepo ulizidi. Lina mabonde mabonde kama barabara ya Chunya ya zamani: shokapu zimekufa. Limeisha upande wa ndani peke yake: alaimenti, au bushi za chini, ile mipira ya kwenye maungio, zimechoka. Hilo la mwisho ndilo ugonjwa wa magari yetu haya, kwa sababu SUV nyingi za Ulaya hufungwa magurudumu ya nyuma yakiwa yameinama kidogo kuelekea ndani. Ukiwa umesimama nje unaona kashata nzuri kabisa, kumbe ndani waya umeshaanza kuchungulia. Pandisha jeki au ingia kwenye shimo la gereji uangalie.

Kwenye mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vya mpira. Kashata ikishuka ikalingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi hilo ni kipara kwa jina lolote utakaloliita. Mimi sisubiri hapo. Kwa mvua za Tukuyu, zikibaki milimita tatu naanza kutafuta hela.

Ukigundua ugonjwa, utibu kwanza. Matairi mapya juu ya bushi mbovu yataliwa vile vile, na utamlaumu Mchina bure.

Hatua ya pili: fungua mlango wa dereva

Kwenye nguzo ya mlango kuna stika yenye vipimo vya matairi ambavyo kiwanda kilivikubali na upepo wake. Ipige picha. Ukimtegemea muuzaji akuambie gari lako linavaa namba gani, atakutajia iliyoko rafu ya karibu.

Tuchukue 255/55R18 109W. Upana ni milimita 255. Ubavu una kimo cha asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 140. R ni jinsi nyuzi zilivyopangwa ndani, na 18 ni inchi za rimu. Hayo wengi wanayajua. Wanayoyaruka ni 109 na W.

109 ni uzito: tairi moja linabeba hadi kilo 1,030. Hapa ndipo bei nafuu inapojificha, kwa sababu saizi hiyo hiyo ya 255/55R18 inatengenezwa pia kwa namba 105, ambayo ni kilo 925. Kwa macho ni tairi lile lile, na kwenye rimu linaingia vizuri. Tofauti ni kilo 105 kwa kila gurudumu. Sasa fikiria X5 yenye watu watano, magunia mawili ya viazi vya Kitulo nyuma na debe la parachichi, linateremka mlima Kitonga huku breki zinausukuma uzito wote mbele. Namba ya uzito isishuke hata moja chini ya ile ya stika. Tairi lenye uwezo huo mkubwa huandikwa XL ubavuni, na kama gari lako lilitoka na XL, rudisha XL.

Herufi ni kasi: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Utasema nani anakimbia 240 kati ya Igawa na Chimala, na trafiki wanataka 50 kila penye nyumba tatu? Kweli, lakini herufi hiyo pia inaeleza jinsi tairi linavyostahimili joto, na gari la tani mbili na zaidi linatengeneza joto jingi. Fuata herufi ya kitabu cha gari lako; usishuke chini yake, ila usilipie ya juu kuliko hiyo. Muuzaji akikusifia Y wakati kitabu kinasema V, anakuuzia kilomita 60 ambazo hutazitumia.

Kuna alama nyingine ndogo zinazopandisha bei. Nyota kwenye matairi ya BMW, N0 au N1 kwa Porsche, MO kwa Mercedes, AO kwa Audi. Maana yake ni kwamba kiwanda cha gari kililifanyia majaribio tairi hilo mahsusi. Ni tairi zuri, hilo sibishi. Lakini toleo lisilo na alama, la kampuni ile ile na saizi ile ile, mara nyingi ni rahisi zaidi, na kwa gari lenye miaka kumi na tano linalokwenda Mbalizi na kurudi, nyota naiacha dukani bila uchungu.

Hatua ya tatu: angalia kama unaweza kupunguza rimu

Hapa ndipo penye pesa. Kama huna muda wa kusoma yote, soma hapa.

Stika ya X5 langu inakubali saizi zaidi ya moja: inchi 18, 19 na 20. Chukua kalamu upige hesabu ya kimo cha gurudumu zima. 255/55R18: ubavu milimita 140.25, mara mbili, jumlisha milimita 457.2 za rimu, unapata karibu 738. 255/50R19 inakuja 738 pia. 275/40R20 ni 728, na 315/35R20 ni 728 na nusu. Tofauti kati ya 18 na 20 ni kama asilimia moja na theluthi, dashibodi haitaiona.

Kinachobadilika ni ubavu. Tairi la inchi 20 lina milimita 110 za mpira kati ya rimu na lami. La 18 lina 140. Milimita 30 ni upana wa vidole viwili. Weka vidole viwili mezani uviangalie: hiyo ndiyo tofauti kati ya kupita kwenye shimo ukatukana kidogo na kupita kwenye shimo ukatafuta fundi wa kunyoosha rimu.

Na bei? 315/35R20 inavaliwa na magari machache, kwa hiyo maduka yanaleta kidogo na yanauza ghali. 255/55R18 inavaliwa na X5, Touareg na Cayenne za kutosha, hivyo karibu kila kampuni inaitengeneza, na unaweza kuchagua kati ya tano au sita kwa siku moja. Isitoshe, ukiwa na saizi moja mbele na nyuma unaweza kuyazungusha matairi yachakae sawasawa. Ukiwa na 275 mbele na 315 nyuma, huzungushi kitu. Nilitafuta rimu za mtumba za inchi 18, nikauza zile za 20 kwa kijana anayependa muonekano, na nilichoongeza kilirudi kwenye seti ya kwanza ya matairi. Gari likapoteza urembo kidogo. Mke wangu alisema sasa linafanana na la mtu mzima.

Masharti yapo. Toleo lenye injini kubwa lina breki kubwa, na rimu ndogo inaweza kugusa kalipa, kile kibanio cha breki. Usilipe kabla ya kufunga rimu moja mbele, ukaizungusha kwa mkono mzunguko mzima. Pili, matundu ya nati kulingana hakutoshi. X5 E70 ina matundu matano kwenye duara la milimita 120, tundu la katikati 74.1. Range Rover Sport ya kizazi cha kwanza nayo ni matano kwa 120, ila tundu lake la katikati ni 72.6, kwa hiyo mtu akikuambia "hizi zinaingia, bosi", ujue atazisukuma kwa nyundo. Cayenne ni duara la 130 kabisa. Tatu, rimu ya mtumba ipandishwe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu, uone kama inayumba, na upande wa ndani uangaliwe kwa tochi. Ufa huanzia huko, mara nyingi mahali paliposhindiliwa na shimo kisha pakanyooshwa.

Wenye Forester XT ya umbo la SJ mnaovaa 225/55R18: kaka yenu asiye na turbo anavaa 225/60R17, na kimo chake ni pungufu ya milimita tatu tu. Jaribuni breki kwanza, halafu mnishukuru.

Hatua ya nne: kumbuka unapita wapi

Muuzaji ataanza kukuonyesha matairi ya AT, ya lami na udongo, yenye kashata kubwa za kutisha, kwa sababu gari lako ni la kupanda milima. Jiulize mwenyewe: kwa mwezi, ni kilomita ngapi za udongo? Kwangu, ukiondoa safari za Kitulo na shamba, ni lami tupu. Tairi la AT kwenye lami linaunguruma, linakula mafuta, na likilowa linachelewa kusimama. Kama unaishi Makete au kila wiki uko machimbo ya Chunya, hayo ni mengine, nunua AT. Sisi wengine tunataka HT, tairi la barabara kuu la SUV, au tairi la lami lenye mifereji mirefu minene ya kuondoa maji.

Maji ndiyo nayasisitiza. Barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, imechimbwa na malori. Kwenye vilima, pale yanapopanda kwa gia ndogo, lami imebonyea ikaacha mifereji miwili sambamba, na mvua ya Januari ikinyesha mifereji hiyo inakuwa mito. Tairi pana likiingia humo linaelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, na hata pakiwa pakavu linafuata bonde kama treni ya TAZARA inavyofuata reli. Usukani unavutwa huku wewe umeushika. Nilipotoka 315 kwenda 255, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba gari liliacha kunivuta pale Mlima Nyoka.

Jambo jingine ni asubuhi zetu. Mpira mgumu unaodumu sana huwa mgumu zaidi kukiwa na baridi na umande. Kwenye ubavu utaona neno TREADWEAR na namba, tuseme 300 au 500. Kubwa ina maana linachakaa polepole, kwa kipimo cha mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo linganisha ndani ya kampuni moja. Karibu yake kuna TRACTION, herufi AA, A, B au C, ambayo ni mshiko wa breki kwenye sehemu iliyolowa. Chini ya A sinunui. Kisha TEMPERATURE, joto: A tena, kwa ajili ya Kitonga na kwa ajili ya Usangu saa nane mchana.

Kama tairi linauzwa pia Ulaya, lina lebo ya mshiko kwenye maji kuanzia A mpaka E. Andika jina kamili la tairi na saizi kwenye simu uitafute. Lenye B la kampuni usiyoijua ni bora kuliko lenye D la kampuni inayojulikana.

Hatua ya tano: ranifleti

X5 nyingi zilitoka kiwandani na ranifleti, tairi lenye ubavu mgumu linaloweza kutembea bila upepo mpaka upate fundi. Ni ghali, ni zito, na linapiga mgongo kwenye mashimo. Mimi nimeyaacha. Ila ukiyaacha lazima uwe na spea, jeki na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, maana buti la gari kama hili mara nyingi lina betri na hadithi tu. Pancha ya saa mbili usiku kwenye msitu wa Sao Hill si mahali pa kugundua hilo.

Hatua ya sita: piga bei kwa kilomita

Kosa langu la kwanza liko hapa. Nilinunua matairi mawili ya nyuma ya mtumba, ya inchi 20, kashata nene, jina kubwa la Ulaya, bei theluthi ya mapya. Nilijiona mjanja. Sikuangalia umri wake. Wiki ya tatu, karibu na Igawa, nilipita kwenye shimo ambalo Corolla iliyonitangulia ilipita pia ikaendelea na safari. Nilipofika Makambako nikazunguka gari, na ubavuni palikuwa na nundu saizi ya yai la kuku. Nilipoinama vizuri nikaona nyufa nyembamba kama nywele zimezunguka tairi zima. Mpira ulikuwa umezeeka, kashata imebaki kwa sababu lilikaa stoo.

Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Haizibwi, haibandikwi kiraka.

Kwa hiyo mtumba nimefuta. Katika mapya, nagawanya hivi: juu wako Michelin, Continental, Pirelli, Bridgestone; katikati Hankook, Kumho na Nexen za Korea Kusini, Yokohama, Toyo na Falken za Japani, Maxxis ya Taiwan, Apollo ya India; kisha yale mengi ya China, Linglong, Triangle, Sailun, Westlake, Goodride na ndugu zao. Hayo mawili ya mwisho hutoka kampuni moja, Zhongce, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa kubadilishiwa jina. Na "Kichina" siku hizi si tusi. Kuna ya China ninayoweza kumfungia mama yangu, mradi namba za hatua ya pili na ya nne zimetimia.

Halafu gawanya. Kwa mfano wa hesabu tu: tairi la shilingi 280,000 likienda kilomita 25,000, kila kilomita imekugharimu shilingi 11.2. La 400,000 likienda kilomita 45,000 ni shilingi 8.9. Na la kwanza utalipa kufunga na kubalansi karibu mara mbili. Kilomita za kweli hazipo kwenye boksi. Waulize wenye gari kama lako, hasa wanaokwenda Tunduma na Dar mara kwa mara. Kwangu daraja la kati ndilo lililotoka bora. Wa Forester, ambaye gari lake ni jepesi, anaweza kushuka daraja moja bila hofu.

Hatua ya saba: manne kwa pamoja

Kosa la pili. Baada ya lile nundu nilinunua mapya mawili, nikayafunga nyuma, mbele nikaacha ya zamani. Kila mtu hufanya hivyo kwenye Corolla na hakuna kinachotokea. X5 linaendesha magurudumu yote manne.

Ndani ya wiki mbili gari likaanza kushtuka nikiondoka kwenye kona ya Mafiati, kama mtu anayepiga chafya ndani ya sakafu. Nilidhani giaboksi. Fundi wangu hakufungua hata boneti. Alichukua kijiti cha kiberiti, akakisimamisha kwenye mfereji wa tairi la nyuma, akaweka ukucha pale kilipoishia, akasogea mbele akarudia. Akaniletea kijiti. "Mzee, ona. Nyuma milimita nane, mbele tatu. Unamvuta ng'ombe huku umemfunga kamba mguuni."

Nilikaa usiku nikaipigia hesabu. Tofauti ya milimita tano za kina inaongeza milimita kumi kwenye kimo, na kama 31 kwenye mzunguko. Gurudumu hilo huzunguka mara 437 hivi kwa kilomita. Kwa hiyo kila kilomita, mbele na nyuma zinapishana karibu mita 14. Kutoka Mbeya mpaka Iringa, kama kilomita 330, ni sawa na ekseli moja kutakiwa kwenda kilomita nne na nusu zaidi ya mwenzake. Hizo kilomita zinaliwa na transfa kesi, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma; klachi zake zinateleza na kuungua polepole. Subaru wenyewe wanataka mizunguko ya matairi isipishane zaidi ya milimita 6.4, yaani robo inchi, ambayo ni kina cha milimita moja tu ya kashata.

Basi: manne, kampuni moja, mchoro mmoja, siku moja. Ukiwa na hela ya mawili, iweke akiba, endesha taratibu, subiri ya mawili mengine. Likipasuka moja katikati ya maisha ya seti, tafuta pacha wake aliyechakaa kiasi kile kile. Hapo tu ndipo ningekubali mtumba.

Hatua ya nane: dukani

Tafuta neno DOT ubavuni, mwishoni mwake tarakimu nne ndani ya kiduara. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Mimi sichukui lililozidi miaka miwili kwa bei ya jipya. Angalia yote manne. Duka moja mjini liliwahi kunipangia matatu ya mwaka ule na moja lililokuwa mkubwa wao kwa miaka minne. Nililiweka pembeni, kijana wa dukani akacheka, "Shikamoo mzee, umeliona?" Nikamwambia marahaba, lirudishe.

Tairi lililoning'inizwa nje ya duka kama tangazo, linapigwa jua tangu Pasaka, ni la tangazo. Omba la ndani.

Ukiagiza Dar, jumlisha nauli ya mzigo kwenye basi na gharama ya kufunga huku kabla ya kusema umepata bei. Na kabla ya kutuma pesa, omba picha nne za WhatsApp, kila moja ikionyesha DOT na namba ya uzito. Risiti ya EFD iandikwe jina na saizi ya tairi, si "spea". Bila hiyo, siku ya kurudisha lenye kasoro utaambiwa hukununua hapa. Yale yanayokuja usiku kutoka mpakani bila karatasi, sitakuhukumu, lakini usiniite.

Hatua ya tisa: kufunga na upepo

Mwambie fundi aangalie mshale wa mzunguko na neno OUTSIDE kabla ya kupaka sabuni. Valvu mpya, balansi yote manne, kisha alaimenti siku hiyo hiyo. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita 300 za mwanzo nenda kwa adabu, maana tairi jipya lina utelezi wa kutoka kiwandani. Usilipeleke Kitonga kwenye mvua siku ya pili.

Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, asubuhi, kabla ya kutoka, kwa namba ya stika ya mlango. Ile kubwa iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo. Ukijaza mpaka hapo utakula katikati ya kashata na meno yako. Na usishangae geji ikibadilika ukisafiri. Lililojazwa psi 35 Dar likifika Mbeya, mita 1,700 juu, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inapanda kama psi 2 na nusu. Lakini baridi ya Julai inashusha karibu kiasi hicho hicho, na unaweza kukuta imerudi pale pale. Pima unapolala, usikisie.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha mbele na nyuma kama saizi ni moja. Mimi naandika namba ya odomita kwa maka pen ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, siku ya kufunga na kila siku ya kuzungusha. Kila ninapojaza dizeli Uyole naiona, na kijana wa sheli siku hizi huniuliza bado ngapi.